Fundi wa Likoni na Gari Lililokataa Kushuka

Saa moja na robo asubuhi. Mwidani Boga amesimama nyuma ya gari jeupe la zahanati, ameshika bampa kwa mikono miwili na kukunja magoti kidogo. Analiinua gari mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kisha analiachia, anarudi nyuma hatua moja, na hafanyi lolote.

Anangoja. Midomo inahesabu bila sauti. Gari linashusha pumzi, linateremka taratibu, linatulia. Hapo ndipo anapochuchumaa, anachomoa mfukoni utepe wa kupimia nguo, na kupima kutoka sakafuni hadi kwenye chuma fulani ambacho mwandishi huyu alionyeshwa mara tatu na hata leo hawezi kukuonyesha.

Anaandika namba ukutani kwa chaki. Halafu anafanya kinyume chake: analikandamiza gari kwa uzito wake wote, analiachia, anangoja, anapima tena.

"Ni lazima mara mbili," anasema bila kugeuka. "Moja likitoka juu, moja likitoka chini. Kimo chake cha haki kiko hapo katikati. Ukipima mara moja tu, umepima vile ulivyolisukuma. Gari lenyewe hujalipima."

Utepe ni wa mkewe, Mwanamkasi, ambaye hushona nguo nyumba ya pili na amekwisha kuchoka kuudai.

Mwidani ana umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mzaliwa wa Mtongwe, na gereji yake ni paa la makuti juu ya sakafu ya saruji, hatua chache kutoka barabara ya feri, Likoni. Sakafu hiyo, futi ishirini kwa tisa, aliimimina mwenyewe mwaka 1960. Kuimimina kulimchukua siku mbili, kuisawazisha kukamchukua wiki nzima: akimwaga ndoo ya maji, akitazama yanakimbilia wapi, akisugua, akimwaga tena. Majirani walidhani anajenga mahali pa kutawadhia.

Alihitaji mahali palipo sawa kwa sababu ya aina moja ya gari. Mombasa nzima, kwa hesabu yake, yako kumi na moja. Ni yale magari ya Kifaransa yenye pua ndefu, yasiyo na springi hata moja.

Badala ya springi, kila gurudumu lina silinda ya mafuta na tufe la chuma lililojazwa hewa, ambalo mafundi wa hapa huliita buyu. Injini ikiwaka, pampu husukuma mafuta na gari huinuka. Abiria wakipanda, gari huzama kidogo. Fimbo nyembamba iliyo chini huhisi, hufungua vali, mafuta huongezeka na gari hurudi kwenye kimo chake. Abiria wakishuka, mambo huwa kinyume: gari hupanda kupita kiasi, fimbo huhisi, mafuta hupunguzwa, gari hushuka. Dereva naye ana mkono mdogo wa chuma wa kuliamuru lipande zaidi akiona njia mbaya.

Injini ikizimwa kwa saa nyingi, gari hulala chini, tumbo karibu liguse ardhi. Asubuhi huamka, na huanza na miguu ya nyuma. Kwa hiyo watu wa Likoni, ambao hawakosi jina la kumpa mtu wala kitu, wakaliita gari la zahanati Ngamia.

"Mtu mwengine akiliona limelala hudhani limekufa," anasema Mwidani. "Mie nikiliona limelala nauliza jambo moja tu: likiamka, huamka vipi?"

Swali hilo alilijua tangu zamani. Mwaka huu, kwa maneno yake mwenyewe, alisahau kuliuliza, na aliyelipa gharama ya usahaulifu huo ni mtu mwingine. Mtu huyo yumo ndani ya Ngamia asubuhi hii. Amekaa kwenye kiti cha dereva, anasoma gazeti la juzi, na hajaongea na fundi neno zaidi ya salamu.

Anaitwa Elkana. Ana miaka ishirini na tisa na ametoka Maragoli.

*

Kabla ya kufikia habari ya Elkana, inafaa kusema Mwidani aliujuaje ufundi huu, maana haukuwa ukifundishwa kwa watu kama yeye.

Babake, mzee Boga, alikuwa mkalafati. Alikuwa akiziba nyufa za mashua kwa pamba na kuzipaka mbao mafuta ya maini ya papa, yale ambayo watu wa vyombo huyaita sifa, ili maji ya chumvi yasizile. Mwidani alikua katika harufu hiyo. Mwaka 1942 alichukuliwa jeshini, akafundishwa malori, akarudi baada ya vita na cheti kimoja na sikio moja lisilosikia vizuri.

Mwaka 1950 aliingia gereji moja ya Changamwe. Mshahara ulikuwa shilingi mia moja na kumi kwa mwezi, na kazi yenyewe, asemavyo, ilikuwa "kufungua nati alizozifunga mwengine." Gari la kwanza la Kifaransa liliingia pale mwaka 1958. Msimamizi wa gereji, Mzungu mmoja, ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuligusa. Mwidani alipewa kazi ya kumshikia taa.

"Miaka miwili nimeshika taa," anasema, na hapa anacheka kwa mara ya kwanza. "Lakini mwenye kushika taa huona kila kitu, ati. Ila tu haulizwi. Yule bwana akikosea, mimi nishaona. Nikinyamaza. Akipata, nami nishapata."

Alipofungua gereji yake, wenye magari hayo wakaanza kuvuka feri kumfuata. Bwana mmoja wa Nyali, mwenye hoteli ndogo, alikuwa akimletea lake kila mwezi. Kufikia mwaka jana Mwidani alikuwa akipata kama shilingi mia tatu na ishirini kwa mwezi, fedha ambazo mkalafati Boga hakuwahi kuziota.

Ngamia alifika Likoni mwaka 1961. Mhandisi aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alilitoa gari hilo kwa zahanati ndogo ya uzazi inayoendeshwa na kamati ya wenyeji. Watu walicheka. Zahanati yenyewe haina kitanda cha nne, itafanya nini na gari la bwana mkubwa?

Mkunga mkuu, Sista Margret, hakucheka. Yeye alikuwa akifikiria mteremko wa feri.

Asiyeishi Likoni hawezi kujua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kiasi, yakipwa, feri hushuka chini sana na mteremko unakuwa mkali. Gari la kawaida lililobeba watu hukwaruza tumbo pale chuma cha feri kinapokutana na saruji, au hukwama kabisa. Mama mwenye uchungu uliokataa kwisha hawezi kuambiwa asubiri maji yajae.

"Gari hili lilikuwa likiinua tumbo kama mwanamke anayeinua kanga kupita kwenye dimbwi," anasema Sista Margret. "Tulivusha akina mama thelathini na saba. Hakuna hata mmoja aliyekwama."

Wa thelathini na nane alikwama.

*

Ilikuwa Aprili mwaka huu, saa nne asubuhi, maji ya bamvua yamekupwa. Ndani ya gari alikuwa Mwanatabu, siku mbili katika uchungu, pamoja na mama yake na Sista. Elkana alivuta ule mkono wa kupandisha. Mbele kulipanda. Nyuma hakukupanda.

Alijaribu kupita. Mkia wa gari ukakita kwenye saruji, bomba la moshi likang'oka, na Ngamia akabaki nusu nchi kavu nusu ndani ya feri. Wanaume sita walimbeba Mwanatabu kwa machela. Ng'ambo ya pili lori la samaki ndilo lililomfikisha hospitali. Alijifungua msichana, na wote wawili, Mungu ashukuriwe, ni wazima. Daktari alisema lau wangechelewa saa moja zaidi, asingekuwa na la kufanya.

Watu walikuwa wamejaa pale mteremkoni, na watu wakijaa hutafuta wa kulaumu. Mwidani naye alikuwepo, anavuka kwenda mjini kutafuta nati. Mtu mmoja akapaza sauti: "Fundi! Gari lina nini?"

Alilitazama mara moja, akiwa wima, mkono mmoja mfukoni.

"Nikasema, 'Uzito. Hili limebebeshwa.' Maneno mawili hayo. Kisha nikapanda feri nikaenda zangu."

Maneno ya fundi hayakuanguka chini. Siku mbili nyuma Elkana alionekana akipakia magunia mawili ya makaa. Yalikuwa makaa ya jiko la zahanati, na Sista ndiye aliyemtuma, lakini nani alitaka kusikia? Kufikia jioni magunia mawili yamekuwa kumi. Kufikia Ijumaa, dereva wa bara alikuwa akifanya biashara ya makaa kwa gari la wazazi, na kwa tamaa yake mwanamke amekaribia kufa.

Kamati ilimsimamisha kazi. Fundi aliyeitwa kutoka mjini akaja, akasikia habari ya magunia, akatikisa kichwa na kusema silinda za nyuma zimechakaa kwa mizigo. Mpya ziagizwe ng'ambo. Miezi mitatu, na shilingi elfu moja na mia nne. Zahanati haikuwa na hata robo yake.

Naye Elkana alikuwa na shida ambayo kamati haikuijua. Mtu wa kijiji chao, anayefanya kazi bandarini, aliandika barua nyumbani. Babake Elkana, Mzee Erastus, ni mzee wa kanisa aliyeshika ufunguo wa sanduku la sadaka kwa miaka kumi na minne. Barua ilipofika na kusomwa, hakungoja kuulizwa. Aliurudisha ufunguo mwenyewe. Hawezi kushika fedha za watu, alisema, mtu ambaye mwanawe anasemwa hivyo.

"Hakuniandikia kunigombeza," anasema Elkana. "Alinyamaza tu. Afadhali angenigombeza."

*

Mapema Juni, wiki ya Madaraka, kamati ilimwita Mwidani. Watu walikuwa wakipeperusha bendera, na zahanati ina gari lisilokwenda. Mwenyekiti, Mwinyihaji, mzee mwenye duka la vitambaa, alimpa wiki moja: atengeneze, au Ngamia auzwe kwa uzito wa chuma chake. Jumamosi hiyohiyo kamati ingekaa pia kumwachisha kazi Elkana. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilibaki sahihi.

Siku ya kwanza Mwidani alifanya kama alivyomwona yule bwana wa Changamwe akifanya. Akawasha injini. Mbele kukainuka bila taabu. Pampu basi ni nzima, maana pampu ni moja, hulisha mbele na nyuma. Mafuta kwenye debe lake yalikuwa kiasi chake. Akalikandamiza gari nyuma. Likanesa kwa ulaini. Buyu likiisha hewa, gari hugonga kama mkokoteni. Mabuyu nayo ni mazima.

Siku ya pili alitafuta uvujaji. Alichana karatasi nyeupe za daftari, akazitandaza chini ya gari lote, akaliacha mpaka kesho yake. Hakuna tone.

Siku ya tatu alianza kuona kwamba fundi wa mjini amesema kweli. Silinda. Aliwaomba majirani wanne, wanaume wenye afya, wakae kiti cha nyuma, injini ikiwaka. Gari likazama na wala halikurudi juu. Wakakaa, wakapiga soga, mmoja akaagiza kahawa. Baada ya nusu saa hivi Mwidani alikata tamaa, akawaambia washuke, akaingia ndani kula.

Aliporudi, majirani walikuwa wakicheka. Ngamia alikuwa ameinua makalio juu, kama bata anayepekua matope.

"Yakhe, fundi," mmoja wao akamwambia, "gari lako limeona haya ya kukaa."

Walikuwa wameshuka zamani. Gari lilitakiwa kurudi chini kwa muda wa mtu kuhesabu kumi. Mwidani alikuwa amemaliza sahani ya wali na mchuzi, na gari bado liko juu.

Alisimama pale, anasema, na tonge la mwisho bado mdomoni.

"Nikajiambia: gari lisilo na nguvu huanguka. Mgonjwa hoi hasimami wima mchana kutwa. Hili lilipanda, polepole, wale jamaa wamo ndani wanakunywa kahawa na hakuna aliyetambua. Sasa halina mzigo na halitaki kushuka. Wallahi, gari hili halina udhaifu wowote. Ni kiziwi. Halijui liko juu au liko chini. Na miezi yote hii sisi sote tumelitazama likikataa kupanda tu. Hakuna aliyelitazama likikataa kushuka."

Akatandika gunia, akalala chali chini ya gari. Ilikuwa mara ya kwanza kulala chini ya Ngamia tangu Novemba mwaka uliopita.

Fimbo ya nyuma, ile inayohisi kimo, ilikuwa haionekani. Kiungo chake kilikuwa kimefunikwa na uji mweusi uliokauka, mchanga na mafuta, mgumu kama lami. Kifuniko cha mpira kinacholinda vali kilikuwa kimevimba na kulainika. Fimbo ilikuwa ikisogea, lakini kwa kuburutwa. Mkono wa dereva nao hupitia njia hiyohiyo. Elkana angeuvuta mpaka ukatike, nyuma kusingepanda.

Mwidani aliukwangua uji ule kwa ukucha, akaunusa.

"Sikuhitaji kunusa mara ya pili. Ilikuwa harufu ya mikono ya baba."

Mafuta ya papa. Nayo aliyapaka yeye.

Novemba iliyopita, alipoona jinsi maji ya chumvi yanavyorushwa chini ya gari kila likivuka, alimwonea Ngamia huruma. Alinunua debe dogo la mafuta ya papa na kumpaka Ngamia tumbo zima, bure, kwa mapenzi, kama babake alivyozipaka mashua. Sista alimshukuru. Lakini mashua haina mipira wala viungo vya kusogea. Mafuta yale yalivimbisha mpira, yakashika mchanga wa Likoni, na kufikia Januari Ngamia akaanza kuamka kwa miguu ya mbele. Elkana alikuja kumwambia. Mwidani akamjibu kwamba ni uvivu wa asubuhi.

*

Mwanamkasi anaikumbuka vizuri jioni ile. Mumewe aliingia, akaoga, na harufu ikabaki.

"Nikamuuliza, 'Baba Matano, mbona wanuka papa?' Akakaa kitako sakafuni. Akanieleza yote. Kisha akasema, 'Naweza kuisafisha kesho, nikabadilisha mpira, nikawaambia zilikuwa silinda nimezitengeneza. Hakuna atakayejua.'"

Yeye akamjibu nini?

"Nilimwambia, 'Elkana ana mama?' Basi. Sikuongeza."

Mwandishi huyu amewaandika watu wengi wanaosema kwamba hawakusita hata kidogo kutenda haki. Mwidani si mmoja wao. Anasema alisita siku mbili. Alifikiria bwana wa Nyali na wateja wengine. Aliyefikiria kidogo kuliko wote, anasema na macho yako chini, ni Elkana, "kwa kuwa nilikuwa namwonea haya, na mtu unayemwonea haya hutaki kumfikiria."

Jumamosi kamati ilikaa barazani pa zahanati, watu saba. Elkana alisimama pembeni, kofia mkononi. Mwidani akaomba kusema. Akayasema yote: mafuta ya papa, Novemba, uvivu wa asubuhi, na yale maneno mawili pale mteremkoni.

Hawakumwamini.

"Mwidani mwanangu," Mwinyihaji alimwambia kwa upole, "huruma ni kitu chema. Lakini usijitwike zigo la mtu. Fundi wa mjini amekwisha kusema ni mizigo. Wewe mwenyewe ulisema."

Mwingine akaongeza kwamba mtu mwenye akili hawezi kupaka gari mafuta ya mashua. Baraza zima likacheka. Mwidani anasema kicheko kile kilimuumiza kuliko matusi, kwa sababu alikuwa amekusanya nguvu zote za kuaibika, na sasa wanamnyima hata aibu yake.

Akawaomba jambo moja. Ngamia alikuwa pale uani. Fundi alikuwa hajaligusa tena. Akawaomba wazee wanne waingie kiti cha nyuma.

Wakaingia, kanzu zimekusanywa magotini, wawili wamepakatana. Gari likazama. Akawasha injini. Likakataa kupanda. "Ni lilelile," Mwinyihaji akasema kutoka ndani.

Mwidani akawatoa, akalala chini ya gari, akaomba spiriti ile ya kusafishia sindano. Sista Margret akamletea chupa nzima. Kwa dakika arobaini hakuna kilichoonekana ila miguu yake. Aliosha fimbo, akaosha kiungo, akavua ule mpira uliovimba na kuuweka kwenye sinia mbele ya kamati, akafunga mwingine aliokuwa ameuhifadhi tangu Changamwe. Silinda hakuzigusa hata kwa kidole.

Wazee wakaingia tena. Gari likazama. Kisha, mbele ya macho ya wagonjwa, wauguzi na nusu ya mtaa, kiti cha nyuma kikaanza kupanda na wazee wanne ndani yake, taratibu, sawasawa. "Subhanallah," mmoja wao akasikika, ameshika kofia.

"Haya, shukeni," Mwidani akawaambia. "Na sasa tazameni likishuka. Hapa ndipo palipokuwa na ugonjwa, na hakuna aliyepatazama."

Likapanda, likashusha pumzi, likarudi kwenye kimo chake.

"Lau mizigo ndiyo iliyoliharibu," akasema, "lisingewainua nyinyi. Nyinyi nyote pamoja mwapita magunia mawili ya makaa."

Safari hii waliamini. Mwinyihaji aliichukua ile barua akaichana vipande vinne, akamwambia Elkana arudi kazini Jumatatu.

Elkana hakushukuru.

"Barua mmeichana," alisema. "Ile habari iliyofika kwetu mtaichana vipi?"

Mwidani anasema alitamani arudi chini ya gari.

*

Miezi minne imepita. Ngamia amekwisha kuvusha akina mama kumi na wanne. Kila mwezi Elkana humleta apimwe, mara mbili, kutoka juu na kutoka chini.

Ukweli haukuja bure. Bwana wa Nyali aliposikia, alipeleka gari lake mjini na hajarudi. Wengine wawili wakamfuata. Mapato ya Mwidani yameshuka hadi karibu shilingi mia moja na themanini, na Mwanamkasi sasa hushona mpaka macho yanamuuma. Watoto wa mtaa humwita Fundi Papa. Yeye huitika.

"Jina la haki hilo," anasema. "Mbona nisiitike?"

Kuna jambo moja amelifanya sheria. Gari likiingia gerejini kwake, mwenyewe akauliza lina nini, Mwidani hajibu mpaka alale chini yake. Wateja wengine hukasirika. Mmoja alimwambia kwamba daktari hutambua maradhi kwa kumtazama mtu mlangoni. "Basi lipeleke kwa daktari," akajibiwa.

Mwandishi huyu alimuuliza anatarajia nini mwezi Desemba, nchi ikipata uhuru. Kila mtu siku hizi ana jibu la swali hilo: shamba, kazi, shule, leseni. Mwidani alifuta namba ukutani kwa kiganja kabla ya kujibu.

Anataka kwenda Maragoli.

Ameweka akiba ya nauli ya gari la moshi, daraja la tatu, kwenda na kurudi. Hajafika bara tangu alipotoka jeshini. Anataka kufika nyumbani kwa Mzee Erastus, na Mungu akijalia afike siku ya ibada, awaombe ruhusa wenye kanisa lao, asimame yeye, Mwislamu wa Mtongwe, awaambie kwa mdomo wake kwamba kijana wao hakuiba wala hakuharibu, na kwamba aliyeharibu ndiye huyu. Barua haitoshi, anasema. Ubaya ulikwenda kwa barua, na sasa akipeleka barua ya pili watu watachagua waamini ipi.

"Nilimsema nikiwa wima, mkono mfukoni. Kumtoa makosani nitakwenda mwenyewe, inshallah, hata wakinifukuza."

Amemwambia Elkana?

"Nimemwambia mwezi wa nane. Hakujibu kitu. Sijamuuliza tena. Hilo si jambo la kumharakisha mtu."

Kipimo kimekwisha. Mwidani anafunga utepe, anaupangusa kwa upande safi wa shati. Elkana anakunja gazeti, anawasha injini. Ngamia anainuka, nyuma kwanza.

Mwandishi huyu akasogea dirishani na kumuuliza dereva kama amemsamehe fundi. Elkana alitazama mbele, kwenye barabara ya feri.

"Kuanzia tarehe kumi na tano Desemba nina likizo," akasema. Kisha akatoa kichwa nje ya dirisha, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akapaza sauti kumwita mtu aliyekuwa akikunja gunia lake kule nyuma.

"Fundi! Tafuta sweta. Kwetu asubuhi ni baridi."